Kwa Nini Renata Huingia kwa Mlango wa Mbele

Enzi za bibi wa bibi zetu, hapa Kyembale hapakuwa na mtu aitwaye Renata. Walikuwapo akina Jalala, akina Majivu na akina Sitakiwi. Msicheke, hayo yalikuwa majina ya kinga. Mwanamke aliyefiwa na watoto alimpa anayefuata jina baya, akajizuia kumpakata mbele za watu au kumwita mwanangu, ili Kifo akipita aone kitoto hicho hakina anayekitaka, aende zake.

Kokusima alikuwa amefiwa mara mbili. Wa tatu, msichana, akamwita Jalala na kumnyonyesha jikoni, ameupa mlango mgongo. Mtoto akanawiri. Ndipo ukaja ubatizo, na kila mtoto akatakiwa jina la Kilatini. Kokusima alishikwa na hofu. Aliona kumpa mwanawe jina zuri ni kumwonyesha Kifo kwa kidole.

Akaenda kwa Ferdinandi, mwalimu wa dini, akayachambua majina kama mtu achaguaye maharage ya mbegu.

“Viktoria maana yake nini, mwalimu?”

“Ushindi.”

“Huyo atachokoza ugomvi. Na Stela?”

“Nyota.”

“Nyota inaonwa na kila mtu. Sitaki.”

Ferdinandi, ambaye subira ilikuwa imeanza kumwishia, akamtajia Renata: aliyezaliwa tena. Akamweleza kwamba Wakristo wa kale wa Roma walilipenda jina hilo kwa waliobatizwa, maana waliona mtu wa jana amekwisha.

“Akija mgeni kumuulizia huyo wa jana?”

“Hatamkuta, mama.”

Kokusima alirudi akiligeuzageuza jina hilo kichwani. Lilimfaa, ila aliona mtu hawezi kuitwa aliyezaliwa tena pasipo kuzaliwa.

Asubuhi ya ubatizo alitoka na Jalala kwa mlango wa nyuma, akamlaza juu ya maganda ya ndizi, akarudi ndani. Mama mkwe wake, Byera, aliyeukubali mpango huo huku akiguna, akamwokota mtoto, akazunguka nyumba na kupiga hodi mlango wa mbele.

“Nimeokota mtoto. Anaitwa Renata.”

“Ni wa nani?”

“Wako, ukimtaka.”

Tangu mtoto azaliwe, Kokusima hakuwahi kuthubutu kusema kwamba anamtaka.

“Namtaka,” akasema kwa sauti, majirani wasikie. “Mwanangu, namtaka.” Akalia mpaka wakakaribia kuchelewa kanisani.

Renata aliishi mpaka akazeeka, akazikwa na wajukuu. Na tangu siku hiyo, kila Renata wa Kyembale hutolewa kwa mlango wa nyuma siku ya ubatizo na kuingizwa kwa wa mbele. Siku hizi si lazima maganda, kikapu kinatosha. Lakini mama, hata kama ametoka kumnyonyesha sasa hivi, huuliza mtoto ni wa nani, na nyumba nzima humsubiri aseme namtaka.