Pimbi na Vyombo vya Kakakuona

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti zimelegea? Na chakula changu mmekimaliza! Paukwa!

Pakawa!

Haya. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzio.

Hapo zamani, zamani sana, ukungu ulipokuwa ukilala juu ya majabali mpaka adhuhuri, aliishi Pimbi na mama yake mzee. Mama alikuwa na ugonjwa usio na jina. Hakuwa na homa, hakuwa na kidonda. Alikuwa hali chakula tu. Kila kukicha anapungua.

Pimbi akapika wali wa nazi. Mama akasukuma sahani. "Sina hamu, mwanangu."

Pimbi akalia. "Kosa ni la chungu hiki. Ningekuwa na vyombo vya maana, mama angekula, asingeniacha."

Asubuhi akaingia ukunguni kutafuta vyombo. Akatembea, akatembea, kama anayetembea usingizini. Akamkuta Kakakuona katikati ya vyombo vinavyoelea, magamba yake yakilia polepole, che, che, che.

"Nataka sufuria ya dhahabu."

"Chukua. Nipe kunusa kwako."

Akampa. Akapika, akafunika, akapalia makaa juu ya kifuniko kama ilivyo desturi. Wali ukaungua, asisikie harufu. Mama akasukuma sahani.

Akarudi ukunguni. "Nataka mwiko wa fedha."

"Chukua. Nipe kuonja kwako."

Akampa. Jamani, akampa! Akapika, wali ukawa chapwa, yeye hajui. Mama akasukuma sahani.

Akarudi tena. "Nataka jiko la kioo."

"Chukua. Nipe kipimo cha mkono wako."

Mngemkataza? Akampa. Maji akazidisha, wali ukawa uji. Safari hii mama hakuwa na nguvu hata ya kusukuma sahani.

Pimbi akamwangukia miguuni. "Mama, nisamehe. Nimenunua vyombo, nimemuuza mpishi."

Mama akamtazama sana. Kisha akacheka, kicheko chembamba. "Niinue. Nipeleke jikoni."

Akaegemea ukuta, macho nusu yamefumba. "Lete tui nionje. Ongeza chumvi. Hiyo nyingi, mtoto wewe! Nionje tena. Na tena. Sasa palia makaa. Tulia, nanusa... Tulia... Ondoa!"

Pimbi akaepua haraka.

"Pakua basi," mama akasema. "Huku kuonja kumenitia njaa. Na ukoko usimpe mtu, ni wangu."

Akala. Pimbi akawa analia na kucheka. Tangu siku hiyo wakapika pamoja, mmoja mikono, mwingine pua na ulimi.

Mnauliza walipikia chombo gani? Chochote kilichokuwa karibu! Chombo hakipiki, wanangu. Anayepika ni mtu, na akipungukiwa, anaongezewa na mtu mwenzake.

Hadithi yangu imeiva, nimeipakua. Aliyeshiba alale, asiyeshiba akaoshe sufuria.