Mnazi wa Bi Mwanashumu

Sogeeni hapa, na huyo anayesinzia mfinyeni.

Palikuwa na Bi Mwanashumu, mgumba. Kwao, mtoto akizaliwa hupandiwa mnazi. Yeye hakuwa na mtoto, akapanda mnazi mtupu, akaulea. Aliutilia chumvi shinani, akawachokoa chonga, wadudu watoboao minazi, kwa ncha ya waya. Jioni moja mnazi ukasema, "Mama!"

Bibi akaangusha kata ya maji. Tangu hapo nyumba ikawa na maongezi.

Mnazi ukaomba maji, akaupa. Ukaomba majivu, akaupa. Ukaomba mwenzake.

"Mwenzio si mimi?"

"Wewe ni mama. Una makuti wewe?"

Bi Mwanashumu akanuna. Mnazi nao ukanuna, makuti yakageuka manjano. Alipoona unakufa, akapanda wa pili ubavuni mwake.

Wa pili ukarefuka upesi. Ikawa soga na vicheko huko juu kutwa. Bibi akaita kutoka chini, "Mwanangu!" Kimya. "Mwanangu!" Kimya. Mara ya tatu akaita kwa kilio.

"Nani huyo?" mnazi mdogo ukauliza.

"Hakuna mtu," mkubwa ukajibu. "Upepo tu."

Yangu yameishia hapo. Aliyetaka tamu akalambe sukari.