Fisi, Digidigi na Midomo Iliyoonja Mchuzi

"Chungu kimechemka!"
"Funua tunuse!"
"Nifunue kweli?"
"Funua, njaa inatuuma!"

Basi palikuwa na Fisi, na palikuwa na Digidigi. Fisi alikuwa na mabega mapana na tumbo lisilojaa. Digidigi alikuwa na miguu kama vijiti, lakini mchuzi wake wa kunde, weee! Ulinukia mpaka ng'ambo ya mto.

Mzee Tembo alikuwa anamwoza binti yake, akatafuta mpishi. Na huyo mpishi ndiye angeshika ghala la chakula la wanyama wote. Fisi kusikia "ghala" tu, mate churuzi, churuzi!

"Mpishi ni mimi!"

"Hata mimi napika," akasema Digidigi.

Tembo akaamua, "Pikeni wote. Waonjaji watoe alama, moja hadi kumi. Mwenye alama nyingi ameshinda."

Fisi akapika. Mchuzi ukaungua, moshi fuuu! Hakujali. Akawaita ndugu zake, aliokuwa amewafungia bila chakula tangu juzi. "Hawa wataonja wangu." Akawaleta na nguruwe, waliotoka kula viazi, matumbo ndi! "Na hawa wataonja wa Digidigi."

Wenye njaa wakala, nyam nyam nyam! "Kumi! Kumi! Kumi!"

Walioshiba wakalamba kidogo, lamba. "Tatu. Nne. Sisi tumeshiba bwana."

"Nimeshinda!" Fisi akaruka. Hi hi hi hiii!

Digidigi akawaza: Ghala likienda kwa Fisi, watoto wa wenzake watakula nini? Akajikaza, akasema, "Mzee Tembo, hapo tumelinganisha mchuzi na mchuzi, au njaa na shibe? Mwenye njaa atatoa kumi hata kwa jiwe! Kila mdomo uonje vyungu vyote viwili. Tuuulize mdomo huohuo: upi mtamu zaidi? Kisha tuhesabu midomo."

Tembo akapiga masikio, pa! "Naam! Hiyo ndiyo hesabu!"

Fisi akawakodolea macho ndugu zake. Wakatetemeka. Digidigi akaona.

"Wafungwe macho," akasema. "Na aanze mjuzi wa utamu kuliko sote."

"Nani huyo?"

"Wewe, Mzee Fisi."

Fisi akavimba kwa fahari. "Kweli kabisa! Nijazieni bakuli!"

Wakamfunga kitambaa. Akaonja chungu cha kwanza. Ptuu! "Nani kapika majivu haya?" Akaonja cha pili. Nyam. Nyam nyam. Nyam nyam nyam! Akazamisha kichwa chote chunguni. "Huu! Huu ndio! Mpeni ghala aliyepika huu!"

Wanyama wakaangua kicheko, wakaanguka chini. Majivu yalikuwa yake!

Ndugu zake nao wakapata moyo, wakaonja huku na huku, wakasema ukweli. Nguruwe vilevile. Tembo akahesabu midomo: yote imemchagua Digidigi. Akapewa ufunguo wa ghala, akarukaruka kwa furaha. Fisi akazamisha tena kichwa chunguni kulamba mabaki, kikamganda, akatimua mbio nacho, akijigonga kwenye miti, ko! ko! ko!

Hadithi nimeipakua, bakuli ni lenu.
"Tumekula, tumeshiba!"

Haya, watoto, mmejifunza nini? Kwamba mpishi mwenye akili haonji kamwe chakula chake mwenyewe akiwa amefungwa macho.