Jina Lililolinyima Zimwi Usingizi

Ndii! Kishindo kimoja tu, enyi mliokaa hapa, usiku wa mvua katika milima ya Upare. Kulipokucha, zimwi la udongo na mawe lilikuwa limejilaza barabarani, na Namkunda yuko juu ya machela, uchungu wa kuzaa umemshika, hospitali iko ng'ambo ya zimwi.

Wanakijiji wakaliletea zimwi mbuzi, likakataa. Wakaliletea pombe, likakataa. Wakalipiga majembe, mawe yakaporomoka.

"Miaka saba mtoto niliyemfukia analia tumboni mwangu," likanguruma. "Silali. Nikijigeuza, nawafunika. Nipeni jina lake nimbembeleze."

Watu wakainama. Huko, aliyechukuliwa na mlima hatajwi, mlima usije ukawafuata nduguze. Na mtoto yule alikuwa wa Nakiete, mama yake Namkunda.

"Mama, usimtaje! Litanichukua na mimi!"

"Wewe vuta pumzi, usinifundishe umama."

Jabali likayumba juu yao. Nakiete akapiga magoti topeni, akaweka mdomo kwenye jiwe kama anayemnong'oneza mtoto.

"Anaitwa Senkondo," akasema. Zimwi likaliimba jina hilo polepole, likajivuta kando ya barabara likalala, na machela ikapita.