Nzi wa Mwenyekiti

Machungwa yalipoiva kijijini, Mwenyekiti Semhando alizuka na amri: shamba likiingiwa na nzi wa matunda, machungwa yake yateketezwe, na chochote kitakachoyabeba kichomwe moto. Mkaguzi wa nzi alikuwa yeye mwenyewe. Ajabu, nzi hao walipenda mashamba ya wajane tu, na machungwa ya kuteketezwa yalionekana sokoni yakimeremeta.

Siku moja alifika na pikapu yake mpya kwa Bi Mashavu, mjane mwenye maneno matamu. Akageuza chungwa moja, akaguna.

"Nzi."

"Maskini mimi! Na matenga yangu nayo yachomwe?"

"Chochote kitakachobeba."

"Hata kikiwa cha mkubwa?"

"Hata kikiwa cha mama yangu mzazi!"

"Hebu rudia kwa sauti, baba, majirani wasije wakasema nimekusingizia."

Mwenyekiti akarudia kwa sauti ya mkutanoni. Bi Mashavu akashukuru, akawaita majirani wamsaidie kupakia machungwa yote kwenye pikapu ya Mwenyekiti. Ilipojaa, akaleta dumu la mafuta ya taa, akaanza kuyamwagia magurudumu.

"We mama, una wazimu?"

"Natii amri, baba. Si imebeba?" Akatoa kiberiti.

Mwenyekiti alirukia chungwa, akalimenya kwa meno, akalimeza na kokwa zake.

"Mazima haya! Matamu! Hayana nzi hata mmoja!"

"Jamani, mmemsikia mkaguzi," alisema Bi Mashavu, akirudisha kiberiti kwenye pindo la kanga. "Basi yashushe mwenyewe, baba. Taratibu, yasichubuke."