Posa Iliyovundikwa

Mfukua mapema hula mbichi. Naona siku hizi mnaisema hata ninyi msiowahi kushika mkungu wa ndizi. Mmeniuliza ilikotoka, basi sikilizeni: methali hii ilianza hivi.

Tumpe aliuza ndizi mbivu sokoni Tukuyu. Alizivundika mwenyewe shimoni, nyuma ya nyumba ya shangazi yake, akizifunika majani ya mgomba na udongo ili joto liziivishe. Mwezi mmoja baada ya Tumpe kuachana na mpenzi wake Gwamaka, kijana Anyosisye alileta posa, na Tumpe akampenda mpaka akawa anakosea chenji za wateja. Ndipo Gwamaka akapiga simu: amepimwa, amekutwa na VVU, naye Tumpe akapime.

Tumpe alinunua kipimo cha mate, akajifungia chumbani, akajisugua ufizi, akangoja. Ukatoka mstari mmoja tu. Hana! Alitoka mbio kwenda uani, furaha imemjaa, jibu la posa liko mdomoni.

Uani alimkuta Anyosisye amepiga magoti kando ya shimo, udongo ameuweka pembeni.

"Nimekufukulia, tuwahi soko," alisema.

"Wewe, nimezivundika juzi tu. Umetoa joto lote. Utazionaje zimeiva wakati hazijapata muda wa..."

Akajiuliza kama kipimo chake nacho hakikuhitaji muda. Ndizi zilikuwa mbichi kabisa, nayo furaha yake ikanywea palepale.

Alimpigia muuguzi. Kipimo ni kizuri, aliambiwa, ila maambukizi yakiwa mapya kinaweza kuyakosa. Arudie miezi mitatu ikishapita tangu alipokuwa na Gwamaka mara ya mwisho.

Tumpe akamweleza Anyosisye yote, bila kumtazama usoni, shangazi akisikia kutoka mlangoni. Kijana akaanza kurudishia udongo.

"Basi na posa tuivundike," alisema. "Ikitoka mistari miwili, dawa zipo, na mimi nipo."

Wakangoja wakiheshimiana, kila mmoja akilala kwao. Mara ngapi Tumpe alitamani kununua kipimo kingine! Kila alipotamani, alikwenda kulitazama shimo.

Muda ulipotimia alipimwa kliniki. Hana, na safari hii aliamini. Shangazi alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Siku ya arusi shangazi aliwawekea maharusi ndizi mbivu, njano tupu, akawageukia wageni na kuwaambia alichokuwa amekishika moyoni miezi yote ile: mfukua mapema hula mbichi.