Jino la Kubishia Barafu

Hamjambo nyote? Wa nyuma nyamazeni kidogo, hii nimeisoma mwenyewe, mstari kwa mstari. Nikisema "Chungu kinachemka," semeni "Funua tuonje."

Chungu kinachemka.

Funua tuonje.

Kwenye bahari ya barafu aliishi Nyangumi, meno tele mdomoni, wivu tele moyoni. Dubu ana manyoya? Anayataka. Ndege ana mabawa? Anayataka. Na kila siku alikula ukoo wa Uduvi: kwacha, kwacha, kwacha.

Wakabaki Uduvi mmoja na watoto wake, nyuma ya jiwe. Nyangumi akafungua mdomo.

"Subiri, mjomba," Uduvi akasema. "Umemwona Papa leo?"

"Papa ana nini?"

"Meno mapya."

Nyangumi akafunga mdomo. Moyo ukamchoma. "Tena? Juzi si alipata mengine?"

"Ndiyo hivyo. Na haya makali zaidi."

"Mimi mkubwa kumzidi. Kwa nini apate yeye?"

"Mjomba nawe. Watoto wa watu wakitaka jino jipya hufanyaje? La zamani hulitupa juu ya paa. Na Papa ndivyo afanyavyo."

"Sasa bahari ina paa wapi?"

"Si hiyo barafu juu yako."

Nyangumi akang'oa jino, ng'o. Akalirusha juu ya barafu, chwaa. Akangoja.

"Mbona haliji?"

"Papa hangoji, mjomba. Papa anang'oa."

Ng'o, chwaa. Ng'o, chwaa. Ng'o, chwaa. Likabaki moja.

"Na hilo je?"

"Hili naliacha. Papa asije akaniita kibogoyo."

Akangoja wiki. Akangoja mwaka. Papa akapita anacheka, meno safu kwa safu. Nyangumi hata salamu hakuitikia.

Lile jino moja, kwa kuwatafuta wenzake, likarefuka, likatoboa mdomo, likatoka nje kama pembe; ndiye yule nyangumi wa pembe moja. Kazi yake mpaka leo ni kubisha hodi kwenye barafu: ngo, ngo, ngo. "Nirudishieni yangu."

Naye Uduvi akiingia mdomoni kwa bahati mbaya, hakuna jino la kumtafuna. Hutokea pembeni ya mdomo. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," hujibu Nyangumi, macho yakiwa kwa Papa.

Basi funzo ni hili: mwenzako akipata kitu, mwonee wivu mapema. Ukikosa meno, hukosi jino.

Chungu nimekifunika. Natoka kidogo. Jirani yangu katika darasa letu la kisomo cha watu wazima, Mzee Kibwana, kaja na miwani ya kusomea mizuri kuliko yangu, nataka nikamuulize kaipata wapi. Nikirudi nitabisha.